Georg Cantor: Jamaa Aliyepima Infiniti, Odijo Wake Akamfungia Mlango

Cheki hii. Uko Olenguruone saa kumi na moja asubuhi, baridi ya Mau imekuingia hadi kwa mifupa. Watu wamesimama kando ya barabara na mitungi ya maziwa wakingoja gari. Sasa wacha tuseme hujui kuhesabu, hata hadi tano hufiki. Utajuaje kama watu na mitungi ni sawa?

Rahisi tu. Ambia kila mtu ashike mtungi mmoja. Mtu akibaki mikono mitupu, watu ni wengi. Mtungi ukibaki chini, mitungi ni mingi. Kama hakuna kitu kimebaki, ngoma droo. Hujataja namba hata moja na jibu unalo.

Hiyo akili ya mchunga mbuzi, ya kulinganisha kimoja kwa kimoja, ndiyo silaha msee mmoja wa Ujerumani alitumia kufanya kitu watu walidhani ni Mungu peke yake anaweza. Alipima infiniti. Akapata haiko moja, ziko nyingi, na zingine ni kubwa kuliko zingine. Anaitwa Georg Cantor. Ka ulifunzwa seti shuleni, zile duara mwalimu alikuwa anachora kwa ubao na kuweka vitu ndani, huyo ndiye baba yake.

Na stori yake si ya jamaa aliyeshinda akabebwa juu juu. Alikuwa sahihi, lakini karibu maisha yake yote ya kazi alilipia hiyo usahihi.

Mzae alitaka injinia

Georg alizaliwa St Petersburg, Urusi, tarehe 3 Machi 1845. Mzae wake alikuwa mfanyabiashara, mathe alitoka kwa familia ya wanamuziki, na boy mwenyewe alikuwa mkali wa violin. Walikuwa watoto sita, yeye ndiye kifungua mimba.

Mwaka wa 1856 mzae alikuwa mgonjwa na baridi ya Urusi ilikuwa inammaliza. Familia ikabeba virago ikahamia Ujerumani, kwanza Wiesbaden, halafu Frankfurt. Georg alikuwa na miaka 11.

Hesabu alikuwa anaichapa vibaya sana. Lakini unajua wazazi. Mzae aliona hesabu haina doo, akataka kijana awe injinia. Ka umewahi kuketishwa sebuleni ukaambiwa uache hiyo kitu unapenda uende ufanye kozi yenye kazi, unaijua hiyo presha. Georg akavumilia, akasoma huku akitafuta namna ya kumwambia mzae ukweli. Mwaka wa 1862 mzae akakubali, na kijana akafurahi kama mtu amefunguliwa pingu.

Kuna kitu kingine mzae alimwachia. Georg akiwa kijana wa miaka 15, alimwandikia barua ndefu ya kumwambia kwamba watu wengi wenye kipawa huanguka juu hawana moyo wa kusimama wapinzani wakianza kuwarushia mawe. Weka hiyo barua akilini, tutaihitaji.

Akaanza chuo Zürich, Uswisi. Mwaka uliofuata, 1863, mzae akaaga. Alimwachia urithi wa kutosha, na Georg akahamia Berlin, na hesabu ya Berlin siku hizo ilikuwa moto. Walimu wake walikuwa Karl Weierstrass, Ernst Kummer na jamaa mmoja anaitwa Leopold Kronecker. Shika hilo jina la mwisho, atarudi.

Akapata udaktari mwaka wa 1867. Mwaka wa 1869 akapata kazi ya kufunza chuo kikuu cha Halle. Halle haikuwa chuo mbaya, lakini haikuwa Berlin. Fikiria msanii wa Nax mwenye anajua kabisa anaweza jaza ukumbi Nairobi, lakini simu ya promota haiingii. Georg alidhani Halle ni stegi tu ya kungojea. Alikaa huko maisha yake yote.

Mat isiyojaa

Sasa tuingie kwa kazi yenyewe. Usiogope, hakuna formula.

Tuseme kuna mat inatoka Nakuru kuja Olenguruone, na viti vyake havina mwisho. Kiti cha 1, cha 2, cha 3, unaenda hivyo bila kufika nyuma. Imejaa, kila kiti kina mtu. Mkifika Keringet, kuna mathe mmoja na kuku wake anataka kupanda. Mat ya kawaida makanga atamwekea ubao katikati. Hii ya kwetu, makanga anasema tu kila mtu asonge kiti kimoja nyuma. Wa 1 aende wa 2, wa 2 aende wa 3, na kuendelea. Kiti cha kwanza kimebaki wazi. Mathe ameketi, kuku pia wametulia.

Mbele kidogo mnapata abiria wengine wasio na mwisho, wamepanga laini. Makanga hashtuki. Anaambia kila mtu ahame kwenda kiti chenye namba mara mbili ya yake. Wa 1 anaenda wa 2, wa 2 anaenda wa 4, wa 3 anaenda wa 6. Viti 1, 3, 5, 7 na wenzake vyote viko wazi, na wageni wote wameingia. (Mwanahisabati David Hilbert ndiye baadaye alitumia mfano wa hoteli kueleza hii mambo. Sisi tuna mat.)

Unaona venye infiniti inacheza? Namba shufwa, zile 2, 4, 6, zinaonekana ni nusu ya namba zote. Lakini ukizipanga mtu na mtungi wake, 1 na 2, 2 na 4, 3 na 6, hakuna inayobaki. Ziko sawa. Cantor aligundua hata sehemu zote, nusu na robo na tatu ya saba, zinaweza pangwa kwa viti vya hiyo mat bila hata moja kuachwa nje.

Hapo mtu yeyote angesema basi, infiniti ni infiniti, zote saizi moja, twende home.

Cantor hakuenda home. Novemba 1873 alimwandikia rafiki yake Richard Dedekind, mwanahisabati mwingine mkali waliyekutana Uswisi mwaka uliotangulia. Alimuuliza swali: vipi namba zote za desimali, zile zinajaza laini yote bila pengo? Hizo pia zitatoshea kwa mat? Dedekind hakuwa na jibu.

Tarehe 7 Desemba 1873 Cantor alikuwa nalo. Hazitoshei. Ata ufanye nini, kuna abiria watabaki barabarani.

Wataalamu wengi huichukua hiyo siku kuwa siku ya kuzaliwa ya nadharia ya seti. Jamaa alikuwa na miaka 28.

Kitabu cha maziwa

Proof yake ya kwanza ilikuwa ngumu kidogo. Mwaka wa 1891 akaleta nyingine fupi, safi, ambayo hadi leo mwanafunzi akiielewa mara ya kwanza anabaki ameangalia ukuta. Wacha tuifanye na maziwa.

Rudi kwa ile laini ya asubuhi. Karani ana kitabu. Kila mkulima ana mstari wake na kila siku ina safu yake. Ukileta maziwa unawekewa tiki, usipoleta unawekewa sufuri. Sasa fanya kitabu kisiwe na mwisho: wakulima namba 1, 2, 3 hadi milele, na siku ya 1, 2, 3 hadi milele.

Karani anajigamba. Anasema rekodi yoyote ya tiki na sufuri unayoweza kufikiria tayari iko kwa kitabu chake.

Wewe unachukua kalamu. Unaangalia mkulima wa 1, siku ya 1. Ana tiki? Unaandika sufuri kwako. Mkulima wa 2, siku ya 2. Ana sufuri? Unaandika tiki. Wa 3 siku ya 3, geuza. Wa 4 siku ya 4, geuza. Unateremka hivyo kwa mshazari hadi milele.

Umepata rekodi mpya. Iko kwa kitabu? Haiwezi kuwa ya mkulima wa 1, juu mnatofautiana siku ya 1. Haiwezi kuwa ya mkulima wa 2, mnatofautiana siku ya 2. Haiwezi kuwa ya mkulima wa milioni, mnatofautiana siku ya milioni. Haimo kabisa. Karani akisema sawa, wacha nimwongeze, unarudia tena na unapata mwingine aliyeachwa nje.

Kwa hivyo rekodi ni nyingi kuliko wakulima, hata kama wakulima hawana mwisho. Na namba za desimali zinaenda hivyo hivyo. Infiniti mbili, moja ni kubwa kuliko ingine. Na haikuishia mbili. Akaonyesha ukimpa infiniti yoyote, anakutengenezea iliyo kubwa zaidi. Ngazi haina kidato cha mwisho.

Noma ni gani? Noma ni kwamba kwa zaidi ya miaka 2000, tangu wazee wa Ugiriki, wasomi walikuwa wamekubaliana infiniti ni njia ya kusema tu. Unaweza kuendelea kuhesabu bila kuchoka, lakini huwezi shika infiniti nzima mkononi kama kitu kimoja. Halafu anakuja kijana wa Halle anasema ameishika, amepima, na ziko size tofauti.

Odijo anafunga geti

Sasa Kronecker anarudi.

Huyu hakuwa mtu mdogo. Alikuwa na pesa zake mwenyewe kutoka biashara ya familia, alikuwa na sauti Berlin, na alikuwa na usemi kwa jarida kubwa la hesabu, lile la Crelle. Imani yake ilikuwa moja: hesabu ni namba nzima na vitu unavyoweza kujenga kutoka kwa hizo namba kwa hatua zenye mwisho. Kitu kingine chochote ni hewa.

Usidhani alikuwa mjinga. Hadi leo kuna wanahisabati wa maana wanaofikiria karibu hivyo. Shida ni kwamba alikuwa na geti mkononi, na mwanafunzi wake wa zamani alikuwa nje.

Karatasi ya Cantor ya 1874 ilitoka kwa hilo jarida, lakini angalia venye ilipita. Kichwa chake kilikuwa kinaongea kuhusu namba za aljebra, kitu tulivu kabisa. Bomu lilikuwa limefichwa ndani. Mwaka huo huo akaoa, mrembo anaitwa Vally Guttmann, na baadaye wakapata watoto sita.

Mwaka wa 1877 akaleta ingine ya kushtua. Chukua waya mmoja wa fensi. Chukua shamba lote ambalo fensi inazunguka. Wapi kuna pointi nyingi? Kila mtu atasema shamba. Cantor akaonyesha ziko sawa. Pointi ya shamba ina namba mbili, umbali wa kuelekea mashariki na umbali wa kuelekea kaskazini. Changanya tarakimu zake kama karata, moja ya hapa moja ya pale, unapata namba moja tu ya kwenye waya. Dedekind aliona tobo ndogo kwa hiyo proof, na Cantor akaiziba ndani ya siku chache. Matokeo yenyewe yalimshangaza hata yeye.

Akaipeleka kwa jarida. Ikakaa. Ikakaa. Akashuku Kronecker ameikalia. Akataka kuiondoa kwa hasira, Dedekind akamtuliza, na ikatoka mwaka wa 1878. Cantor hakuwahi kuandikia hilo jarida tena.

Hata hivyo, 1879 akawa profesa kamili pale Halle, bado kijana wa miaka 34. Lakini Berlin haikuita. Mwaka wa 1881 kiti kikabaki wazi Halle, akataka Dedekind aje wafanye kazi pamoja. Dedekind akakataa, na baada ya muda barua zao zikanyamaza. Huyo ndiye alikuwa mtu wa kumsikiza. Sasa amebaki na nani?

Swali lililokataa

Kando na vita vya watu, kulikuwa na kitu kingine kinamkula polepole. Hiki chake mwenyewe.

Alijua infiniti ya namba nzima, ile ya mat yetu, ndiyo ndogo kabisa. Alijua infiniti ya namba za desimali ni kubwa zaidi. Swali: kuna ingine katikati? Ama ukitoka ya kwanza unaruka moja kwa moja hadi ya pili?

Yeye aliamini hakuna kitu katikati. Aliiandika mwaka wa 1878, na kilichobaki kilikuwa kuonyesha. Hiyo ndiyo wanahisabati huiita dhana ya kontinuamu.

Swali la mstari mmoja tu. Ungedhani jamaa aliyeiweka dunia ya hesabu miguu juu angelimaliza kwa wikendi.

Mei 1884 akaanguka. Akili ikakataa, akawa chini zaidi ya mwezi mmoja. Alipoamka akamwandikia Kronecker kutafuta amani, na wakaongea kistaarabu, lakini moyo haukushikana. Agosti akadhani amepata proof ya swali lake. Ikavunjika. Novemba akamwandikia Gösta Mittag-Leffler, rafiki wa Sweden aliyekuwa akichapisha kazi yake, kumwambia sasa amepata kinyume, kwamba dhana si kweli. Kesho yake akamwandikia tena kuirudisha. Siku moja tu kati ya barua mbili. Mtu ambaye umekesha na kitu hadi huwezi tena kutofautisha ndiyo na hapana, unajua hiyo hali.

Mwaka uliofuata hata Mittag-Leffler akamshauri aondoe karatasi moja kwa jarida lake, akimwonyesha amekuja mapema sana, miaka mia mbele ya watu. Labda aliona anamsaidia. Cantor aliisikia kama mlango mwingine ukifungwa, na huu ulikuwa wa rafiki.

Watu hupenda kusema infiniti ndiyo ilimchizisha. Ni stori tamu ya kupiga club, lakini si hivyo. Wengi waliochunguza maisha yake wanaona alikuwa na ugonjwa wa akili, ule wa kupanda juu sana halafu kuzama, na pengine ungempata hata kama angekuwa muuza viatu. Vita vya Kronecker havikuleta ugonjwa. Ila mtu mgonjwa akipigwa na wenzake, anaumia mara mbili. Na siku hizo hakukuwa na dawa ya maana.

Alipokuwa chini, aliacha hesabu. Akaingilia filosofia na dini. Yeye mwenyewe alikuwa Mlutheri mwenye imani kali, na aliandikiana na wasomi wa Kikatoliki akitaka kujua kama infiniti zake zinamkosea Mungu heshima. Akaingia pia kwa ile dhana kwamba Francis Bacon ndiye aliandika tamthilia za Shakespeare, hadi akatoa vijitabu kuhusu hiyo mambo.

Jamaa anajenga geti lake

Lakini ile barua ya mzae ilikuwa bado iko mahali.

Cantor aliona shida si Kronecker peke yake. Shida ni kwamba mzee mmoja anaweza kumziba kijana mdomo na hakuna pa kwenda. Akapigania chama cha wanahisabati wote wa Ujerumani, ambapo mtu mchanga anaweza simama aongee bila kuomba ruhusa Berlin. Chama kikaanzishwa mwaka wa 1890, yeye akawa rais wa kwanza, na mkutano wa kwanza ukafanyika Halle, 1891. Hapo ndipo alileta ile proof ya mshazari, ile ya kitabu chetu cha maziwa.

Na unajua alimwalika nani aongee? Kronecker. Ila mke wa Kronecker alikuwa amepata ajali, mzee hakuja, na Desemba mwaka huo akafariki. Mechi ikaisha bila kipenga.

Chama bado kipo hadi leo.

Kati ya 1895 na 1897 Cantor aliandika kazi yake kubwa ya mwisho, akapanga nadharia yote mahali pamoja, na akazipa infiniti zake jina la alefu, herufi ya kwanza ya Kiebrania. Vijana wakaanza kumsoma. Mwaka wa 1900, Hilbert alisimama Paris akataja maswali makubwa ya karne mpya. Namba moja kwa orodha? Swali la Cantor, la kama kuna infiniti katikati.

Kwa hivyo alishinda, si ndio? Cheki upande mwingine. Desemba 1899, akiwa amesafiri Leipzig kutoa mhadhara, kijana wake wa mwisho, Rudolf, alikufa ghafla. Hakuwa amefika miaka 13. Baada ya hapo kuingia na kutoka hospitali ya akili ikawa sehemu ya maisha yake.

Mwaka wa 1904, kwa kongamano la Heidelberg, mwanahisabati wa Hungaria anaitwa Julius König alisimama akasema dhana ya Cantor ni uongo, na proof anayo. Cantor alikuwa ameketi hapo ndani, mbele ya watoto wake na wenzake. Haikuchukua muda kosa la König likaonekana, lakini aibu ya hiyo siku haikutoka. Mwaka huo huo Uingereza ikampa medali ya Sylvester. Tuzo mkono mmoja, kidonda mkono mwingine.

Akastaafu mwaka wa 1913. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza mwaka uliofuata. Sherehe kubwa ya kutimiza miaka 70 mwaka wa 1915 ikafutwa juu ya vita. Chakula kikawa haba, jamaa akakonda. Juni 1917 akapelekwa hospitali kwa mara ya mwisho, hakutaka, na alimwandikia mke wake mara kwa mara akiomba arudishwe nyumbani. Hakurudi. Moyo ulisimama tarehe 6 Januari 1918, akiwa na miaka 72.

Swali lake lilikuwa bado halijajibiwa.

Sasa skia jibu

Hii ndiyo sehemu natamani mtu angemwambia.

Mwaka wa 1938, Kurt Gödel alionyesha kwamba kwa kutumia sheria za mwanzo za nadharia ya seti, zile wataalamu huziita aksiomu, hakuna mtu atawahi kuonyesha dhana ya Cantor ni uongo. Mwaka wa 1963, Mmarekani Paul Cohen akaonyesha kwamba kwa sheria hizo hizo, hakuna mtu atawahi kuonyesha ni kweli. Cohen akapewa medali ya Fields mwaka wa 1966.

Soma tena polepole. Hakuna wa kusema ndiyo, hakuna wa kusema hapana.

Ni kama mpira. Sheria zote za mpira umezisoma, unatafuta mahali zinasema timu ya nyumbani ivae nyekundu ama bluu. Hutapata. Vaa nyekundu, mechi ni halali. Vaa bluu, mechi ni halali. Ukitaka jibu lazima uongeze sheria mpya kutoka nje, na wanahisabati wanabishania hiyo sheria mpya hadi sai.

Kwa hivyo zile usiku za 1884, ile barua ya ndiyo na ile ya kesho yake ya hapana, si kwamba alikuwa amepoteza akili yake ya hesabu. Alikuwa anasukuma ukuta ambao hauna mlango. Alikufa akidhani hakutosha. Ukweli ni kwamba vifaa vyake havingewahi kutosha, vya mtu yeyote havingetosha.

Na ile hila yake ya mshazari? Mwaka wa 1936 Alan Turing aliitumia kuonyesha kuna maswali hakuna kompyuta itawahi kujibu, hata kabla kompyuta yenyewe haijaundwa. Mwaka wa 1970 Edgar Codd alichukua lugha ya seti akapanga nayo namna ya kuhifadhi data kwa majedwali, na hadi leo benki na maduka duniani yanaweka rekodi hivyo. Hata huku kwetu ilifika. Mwaka wa 1962 wanahisabati na walimu walikutana Entebbe, Uganda, wakaandika vitabu vya hesabu mpya yenye seti, na vikaingia madarasa ya Afrika. Muulize mzazi aliyesoma Kenya miaka ya 70. Wazazi wengi wakati huo walilia watoto wanachora duara na hawajui kutoa chenji, na mwanzoni mwa miaka ya 80 serikali ikaitoa. Duara chache zilibaki.

Sasa kesho asubuhi ukipita hapo barabarani Olenguruone, na karani amefungua kitabu, mtu wa kwanza tiki, wa pili tiki, wa tatu hajaleta, teremsha macho kwa mshazari. Geuza kila moja. Hapo kuna mkulima ambaye hayuko kwa kitabu chochote, na ilimchukua Cantor miaka kumi na saba, kutoka proof ya kwanza hadi 1891, kukuonyesha venye unaweza kumpata.

Na ka wewe uko na swali limekukataa, umekesha nalo, kila mtu anakuona umezubaa, usiharakishe kujiita mjinga. Hebu kwanza uliza kama huo ukuta una mlango.